Kwanza Karatasi, Kitabu Baadaye

Zilikuwepo siku ambazo Eric Carle aliingia karakanani bila kitabu chochote kichwani. Hadithi hakuwa nayo, mnyama wa kuchora hakuwa naye, wala hapakuwa na mhariri aliyekuwa akingoja kurasa. Alitandaza karatasi nyeupe mezani, akafungua rangi, na kazi ikawa ni kuzipaka karatasi hizo kwa kila namna iliyomjia. Mwisho wa kazi hiyo hapakuwa na picha hata moja ya kuonyesha. Palikuwa na karatasi zenye rangi, zimeachwa zikauke, zikisubiri kupangwa kwenye droo.

Mpita njia angesema mzee huyu anacheza, na angekuwa amesema kweli. Carle alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 91, akaacha zaidi ya vitabu 70 vya watoto. Kimojawapo, The Very Hungry Caterpillar cha mwaka 1969, kimetafsiriwa kwa zaidi ya lugha 60 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 50. Wazazi wengi duniani wanamjua kiwavi yule mwenye njaa anayekula tofaa moja Jumatatu, pea mbili Jumanne, na kuendelea hivyo hadi tumbo limuume Jumamosi. Wasichokijua wengi wao ni kwamba kiwavi huyo amekatwa kwa kisu kutoka kwenye karatasi, na kwamba utamu wa sura yake uko ndani ya karatasi yenyewe.

Basi tuanze na karatasi. Usifikirie tishu ya mezani wala ya msalani. Ni ile nyembamba, yenye kuchakarika, unayoikuta imefunika viatu vipya ndani ya boksi. Ukiinua kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Ni kitu dhaifu. Ikilowa huchanika, ikikauka hujikunja. Aliyefundishwa uchoraji darasani angeikwepa, kwa kuwa karatasi ya kuchorea tumezoea kuisifia unene. Carle aliipendea wembamba. Ukibandika kipande kimoja juu ya kingine, rangi ya chini inachungulia, na pale vinapopandana inatokea rangi ya tatu ambayo hakuna mtu aliyeichanganya.

Alipoanza, alinunua karatasi hizo zikiwa na rangi ya kiwandani. Zilikuwepo za rangi nyingi, ila zilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, rangi ya kiwandani ni ileile kutoka ukingo huu hadi ule. Kijani ni kijani tu, hakina mahali kilipokolea wala kilipofifia, hakina alama ya mkono wa mtu. Ya pili, mwanga huzipausha. Na kwa mtu ambaye picha yake nzima ni karatasi, hakuna rangi ya kupaka upya ikishapauka. Ndipo akageukia karatasi nyeupe na kuzipaka mwenyewe kwa akriliki.

Akriliki ni rangi ya kuchanganya na maji, lakini ikishakauka maji hayaiwezi tena, maana kinachobaki ni utando wa plastiki. Tabaka la kwanza likikauka unaweza kupitisha la pili, hata likiwa jepesi kama maji, na la chini lisitikisike. Tabia hiyo ndiyo inayompa mchoraji ujasiri. Anapaka njano, anasubiri. Anapitisha mistari ya rangi ya chungwa kwa brashi pana, anasubiri tena. Anadondosha nyekundu. Kila hatua inaongeza kitu bila kufuta kilichotangulia, na akiharibu, amepoteza karatasi moja ya bei rahisi. Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana: utando ule huitia karatasi nguvu. Ile iliyokuwa ikichanika kwa kuguswa tu, sasa inavumilia kisu na gundi.

Brashi zilikuwepo, pana na nyembamba. Lakini pia alitumia sponji. Alitumia vidole. Alichovya kipande cha zulia kwenye rangi akakigandamiza, kikaacha alama za nyuzi zake. Aligonga mihuri, akarusha matone, akavuta mistari iliyonyooka, mistari ya mawimbi, mistari iliyokatikakatika. Filamu ya mwaka 1993, Eric Carle: Picture Writer, ilimwonyesha akiifanya kazi hii, na walimu wengi wa watoto wadogo huko Marekani wameigeuza kuwa somo la darasani.

Ninachokistaajabia kuliko vyote ni kwamba wakati wa kupaka, mnyama hayupo. Mkono unapovuta mawimbi ya bluu juu ya kijani, haujui kama hayo yatakuwa maji, majani, au bawa la kasuku. Jaribu kulifikiria kwa upande wa mchoraji aliyeagizwa dubu. Tangu asubuhi dubu amekaa kichwani mwake. Akishika brashi anachora manyoya, na anayachora kama kila mtu ajuavyo kwamba manyoya huchorwa: vistari vifupi, kahawia, kuelekea chini. Mkono unamtii dubu. Carle alimtoa dubu chumbani kwanza. Mkono ukabaki na rangi na karatasi tu, ukafanya alama ambazo hakuna dubu angeziomba. Dubu alipokuja baadaye alizikuta zipo, na akavishwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumvisha dubu.

Uhuru huo ulikuwa na mlinzi wake. Karatasi zikishakauka zilipangwa kwenye droo pana zisizo na kina, kila rangi na droo yake. Ukitaka nyekundu unavuta droo ya nyekundu, na mbele yako kuna nyekundu za kila hulka: yenye madoa, yenye mikwaruzo, iliyofifia pembeni, iliyokolea hadi inakaribia zambarau. Zilizopakwa juzi zimelala juu ya zilizopakwa zamani. Mchezo wa siku moja unaweza kulipa mwaka mwingine kabisa, kwenye kitabu ambacho siku ile hakikuwa hata wazo. Watu hupenda kusimulia habari za wasanii wanaofanya kazi katikati ya vurugu, rangi hadi darini. Mimi naona droo zile zinatufundisha zaidi. Mtu anayepanga karatasi zake namna hiyo anauheshimu mchezo wake. Hautupi kwenye kona.

Kitabu kikifika, kazi inabadilika kabisa. Sasa kuna mchoro wa penseli, wa kawaida, wenye kufutwa na kurudiwa. Mistari yake inahamishiwa kwenye karatasi ya kufuatishia, ile inayopitisha mwanga. Chini yake inawekwa karatasi ya rangi, na kisu chenye makali ya wembe kinafuata mstari. Lakini kabla ya kisu kuna uchaguzi, na hapo ndipo jicho linapofanya kazi kubwa kuliko mkono. Fundi cherehani mzuri anaielewa hali hii. Ukimpelekea kitenge hakati haraka. Anakitandaza, anakisogeza, anatafuta ua kubwa likae kifuani na lisikatwe na mshono wa bega. Kitambaa ni kilekile, ila fundi mwingine angetoa gauni jingine. Carle naye alilisogeza umbo juu ya karatasi akitafuta mahali pake. Likisogea kidogo kushoto, doa jeusi linaangukia shavuni na mnyama anaonekana mgonjwa. Likishuka kidogo, mistari inaanza kufuata mgongo kana kwamba ilipakwa kwa ajili ya mgongo huo.

Vipande vikishakatwa hubandikwa kwenye kadibodi nyeupe ngumu. Gundi aliyoitumia ni ile ya mafundi wa kubandika karatasi za ukutani, na uchaguzi huo una sababu nzuri. Gundi hiyo ni ya majimaji na haina haraka ya kukauka. Kipande ukishakilaza bado unaweza kukisogeza, ukakigeuza kidogo, ukakikandamiza taratibu hadi mikunjo itoke. Gundi kali ingeshika papo hapo, na karatasi nyembamba kiasi hiki haikupi nafasi ya pili. Mwisho kabisa, pale panapohitaji unywele, ukucha au mboni ya jicho, kreyoni au brashi inamalizia. Mistari ya kumalizia ni michache. Kazi kubwa ilishafanyika siku nyingi nyuma, na mtu ambaye hakuwa anajua anatengeneza nini.

Mtazame kiwavi sasa. Kichwa ni duara jekundu, mwili ni vipande vya kijani vilivyoungana kwa kupandana. Ukimfunika kwa kiganja ukaacha kipande kimoja kimoja kuonekana, unagundua kwamba vijani vile havifanani. Kimoja kina michirizi, kingine kina wingu la njano kwa ndani. Umbo lake ni jepesi kiasi kwamba mtoto wa chekechea anaweza kulikata, na wepesi huo umewadanganya wengi. Nimeona vitabu vilivyomwiga Carle kwa maumbo: duara kwa kichwa, duara kwa jua, pembetatu kwa nyumba, yote yamekatwa kutoka rangi bapa. Hufa mezani. Umbo jepesi linahitaji ndani iliyojaa. Siku hizi wapo wanaoijaza kwa kompyuta, kwa alama za brashi zilizotengenezwa na mtu mwingine na kuuzwa kwa mafungu. Sina ugomvi na kompyuta. Ila anayenunua alama hizo ananunua matokeo ya mchezo wa mwenzake, na mkono wake unabaki haujacheza.

Ujasiri huu Carle aliupata wapi? Alizaliwa Syracuse, jimbo la New York, mwaka 1929, kwa wazazi Wajerumani. Shule ya kwanza aliyoisoma aliikumbuka kwa mwanga wake, karatasi kubwa, brashi nene na rangi kali. Mwaka 1935 wazazi wakarudi Ujerumani, mji wa Stuttgart, na huko shule ilimkabidhi karatasi ndogo, penseli ngumu, rula na onyo la kutokosea. Alikuwa na miaka sita. Habari hii aliisimulia mara nyingi maishani, na ukiiweka kando ya meza yake ya kazi unaona kwamba alitumia utu uzima wake wote kuirudia karatasi kubwa.

Kisha vita. Baba yake aliingizwa jeshini na baadaye akafungwa na Warusi. Miji ilipakwa kijivu, kahawia na kijani kibichi cha kujifichia ndege za adui. Katika miaka hiyo ya rangi zilizokufa, mwalimu wake wa sanaa, Fritz Krauss, alimwalika nyumbani kwake na kumwonyesha kwa siri nakala za picha ambazo utawala wa Hitler ulikuwa umezipiga marufuku kama sanaa potovu. Zilikuwepo za Picasso, Matisse, Klee. Alikuwepo farasi wa bluu wa Franz Marc, mchoraji aliyeuawa kwenye vita vya kwanza, huko Verdun, mwaka 1916. Kijana hakuwahi kuona kitu kama hicho, na mwanzoni hakujua akifikirieje. Krauss alikuwa anacheza na kazi yake, pengine na maisha yake. Alimsifia mwanafunzi kwa ulegevu wa michoro yake, sifa ambayo darasani ingekuwa kosa.

Miaka ikapita. Mwaka 1967 kikatoka Brown Bear, Brown Bear, What Do You See?, kitabu cha kwanza cha watoto kilichompa Carle jina, na ndani yake kuna farasi wa bluu na paka wa zambarau. Watoto hawakushangaa. Mwaka 2011, akiwa amevuka miaka 80, alimrudia farasi huyo kwa kitabu kizima, The Artist Who Painted a Blue Horse, akamtaja Marc na kumshukuru Krauss. Kile mwalimu alichokionyesha kwa mlango uliofungwa kikawa kinauzwa kwenye maduka ya vitabu vya watoto.

Njia ya kufika huko ilipitia kwenye matangazo. Alihitimu chuo cha sanaa cha Stuttgart, akarudi New York mwaka 1952 akiwa na dola 40 mfukoni. Leo Lionni, msanii aliyekuja kuwa naye bingwa wa vitabu vya watoto, alimsaidia kupata kazi ya usanifu kwenye gazeti la New York Times. Baadaye akawa mkurugenzi wa sanaa kwenye kampuni ya matangazo, na ni picha ya kambakochi mwekundu aliyoitengeneza kwa tangazo iliyomvutia mwandishi Bill Martin Jr, akamtafuta amchoree dubu wake. Kazi ya matangazo ilimpa nidhamu na kipato. Ila mwenyewe alikiri kwamba kazi ile ya dubu iliamsha kitu ndani yake ambacho mikutano na wateja ilikuwa imekilaza.

Mwanzo wa kiwavi wenyewe ni mchezo mtupu. Carle alikuwa na rundo la karatasi na panchi, ile mashine ya ofisini ya kutoboa matundu. Akatoboa rundo lile, akayatazama matundu, akafikiria mdudu anayekula vitabu. Akaandika hadithi ya mnyoo mmoja aitwaye Willi na wiki yake ya kula. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakumpenda mnyoo. Akapendekeza kiwavi, na papo hapo Carle akamwona kipepeo wa ukurasa wa mwisho. Kilichobaki kilikuwa gharama: kitabu chenye kurasa za upana tofauti, kila moja na matundu yake, kiliwashinda wachapaji wa Marekani kwa bei, mpaka Beneduce alipopata mchapaji Japani. (Wataalamu wa wadudu hulalamika kwamba kiwavi wa Carle anatoka kwenye kifukofuko kama nondo, wakati kipepeo kwa kawaida hatoki humo. Wana haki yao. Kipepeo ameshatoka.)

Angalia mahali wazo lilipotokea. Halikutoka kwenye utafiti wa soko la watoto wala kwenye kikao cha wahariri. Lilitoka kwenye kifaa cha mezani kilichotumiwa kwa jambo ambalo hakikununuliwa kwa ajili yake. Lakini mchezo peke yake ungeishia kwenye mnyoo. Ilihitajika pia mhariri mwenye jicho, aliyejua kukataa na kisha kuhangaika mabara mawili kutafuta wa kuchapa kilichobaki. Nasema hivi kwa sababu habari ya panchi husimuliwa kana kwamba bahati ilimwangukia mtu mmoja.

Tabia ile ya kukichezea kitu hadi kikatoa siri yake aliiendeleza kwenye kitabu chenyewe. Mwaka 1984 alitoa kitabu cha buibui ambaye utando wake umeinuka juu ya ukurasa, unaupapasa kwa kidole, na hata mtoto asiyeona anaweza kuufuata. Mwaka 1986 mwezi ukakunjwa ndani ya kurasa, ukifungua unakua hadi kuzidi ukurasa. Mwaka 1990 nyenje akalia mwishoni mwa kitabu, na mwaka 1995 vimulimuli wakawaka. Si vyote vina uzito sawa. Nyenje wa betri kwangu ni kichekesho kizuri, utando wa buibui ni sanaa. Lakini vyote vimetoka kwa mtu aliyekataa kuamini kwamba ukurasa ni mahali pa kuweka picha tu.

Jambo jingine linalonifanya nimheshimu ni kwamba hata umaarufu ulipomjia hakuacha kutenga muda wa kazi isiyo na kitabu. Alikuwa na fungu la sanaa aliyoiita ArtArt, kazi huru zisizo na mnyama wala hadithi, rangi na karatasi na vitu vingine vikishindana wenyewe. Msanii anayeuza mamilioni ana kila sababu ya kurudia kinachouzwa. Muda wake una bei, na kila saa ya kucheza ni saa iliyoibiwa kwa mchapishaji fulani. Carle aliendelea kuiiba.

Mwaka 2002 yeye na mkewe Barbara walifungua makumbusho ya sanaa ya vitabu vya picha huko Amherst, jimbo la Massachusetts. Ukumbini kuna picha zake nne kubwa za ukutani, moja nyekundu, moja njano, moja bluu, moja kijani, hazina kiwavi wala dubu. Na ndani ya jengo hilohilo kuna chumba cha mgeni kukaa na kushika vifaa: karatasi, gundi, rangi. Makumbusho mengi yanamkataza mtoto kugusa. Haya yamemwekea meza.

Huku kwetu tunao mfano wetu, na umri wake unakaribiana na wa kiwavi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, zilezile za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba. Hakuna chuo kilichomwelekeza kwenye vifaa hivyo. Vilikuwepo, vilikuwa na bei anayoiweza, akavijaribu hadi vikatoa chui na ndege wasiofanana na wa mtu mwingine. Aliuawa mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Tatizo ni kwamba wengi waliomfuata walirithi chui na ndege wakaacha lile jaribio. Ukipita maeneo ya watalii utaona chui walewale, wamepakwa vizuri, na karibu hakuna anayejiuliza rangi nyingine ingefanya nini kwenye ubao mwingine.

Na wachoraji wetu wa vitabu vya watoto? Kwa kawaida mchoraji ndiye wa mwisho kuitwa. Hadithi imeshahaririwa, tarehe ya kiwandani imeshapangwa, malipo yamehesabiwa kwa picha. Anapokea orodha: ukurasa wa nne sungura, wa tano fisi, wa sita sungura na fisi. Atachora fisi anayejulikana kuwa fisi, kwa kuwa hana muda wa kutafuta mwingine. Mikono ya vijana wetu ina uwezo mkubwa, na yeyote aliyetazama kuta za karakana za Nairobi au Dar es Salaam anajua hivyo. Wanachokosa ni droo iliyojaa kabla ya simu ya mchapishaji kulia.

Vifaa visiwe kisingizio sana. Akriliki ya madukani ni ghali, kweli. Lakini rangi ya maji ya ukutani, ile ya kopo dogo, ina tabia inayokaribiana nayo: huchanganywa kwa maji, na ikikauka sawasawa hukubali tabaka la pili. Haina mng'ao wa akriliki, ila inatosha kuanzia. Karatasi ya boksi la viatu ni ya bure. Gundi ya unga wa ngano uliopikwa inakauka polepole na inasogezeka, ingawa huvutia mende, kwa hiyo picha zake zihifadhiwe mbali na jikoni. Kipande cha zulia, kitambaa cha gunia, gunzi la hindi, chanuo lililovunjika meno, vyote vina alama yake ambayo hakuna brashi inayoweza kuitoa. Tenga siku, zipake karatasi bila kumwita mnyama yeyote, ziache zikauke, kisha zipange kwa rangi.

Nanyi wachapishaji wa vitabu vya watoto, mnapopanga bajeti ya kitabu kijacho, mpigieni mchoraji simu mapema, kabla hadithi haijamalizika. Wekeni fungu dogo la karatasi na rangi ambazo hazina ukurasa wa kwenda, na siku chache za kuzitumia. Akiwaletea rundo la karatasi zilizopakwa na hakuna hata fisi mmoja ndani yake, mlipeni.